Saa ya ishirini na moja

Jirani yangu alipokuja kuniomba ushauri, hakutanguliza barua ya mafao wala ya mwajiri. Alitanguliza kalenda. Ni ile ya ukutani, imening'inia jikoni kwake tangu Januari mpaka kona zimejikunja, na tarehe kadhaa zimezungushiwa kalamu nyekundu. Kila mduara ni siku ambayo vidole vilivimba asubuhi akashindwa kufungua hata kifuniko cha chupa ya dawa. Februari ilikuwa na miduara 11. Machi 6. Aprili 4. Mei ikapanda tena hadi 9.

Ana lupasi, ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Tunaishi Marekani, jengo moja, na kwa kuwa kwa miaka sasa nimekuwa nikiwatafsiria watu wetu barua za serikali, mlango anaougonga ni wangu. Kliniki moja ya meno ilikuwa imempa nafasi mapokezini: saa 20 kwa wiki, dola 18 kwa saa. Yeye hupokea mafao ya ulemavu ya SSDI, dola 1,310 kwa mwezi. Akaweka kidole juu ya Aprili, akaniuliza: "Kaka, mwezi wenye miduara minne, hapo mimi ni mgonjwa au ni mzima?"

Siku ile sikumjibu. Nimelifikiria swali lake muda mrefu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba mjadala wetu wote kuhusu watu wenye ulemavu na kazi unaanzia upande usiofaa. Sisi tunauliza kama mtu anaweza kufanya kazi. Yeye, akiwa macho saa nane za usiku, anajiuliza kitu kingine kabisa: nikijaribu nikaanguka, nani atanidaka? Sheria ya Marekani ina majibu ya swali hilo, na baadhi yake ni mazuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila majibu yamefichwa ndani ya kanuni ambazo mpokeaji wa kawaida hajawahi kusomewa, na utekelezaji wake umewaumiza watu kiasi kwamba hata wanaozijua hawaziamini.

Nianze na neno linalowachoma zaidi wapokeaji wa mafao, nalo hutoka kwa ndugu kuliko kwa serikali: "anakula bure". SSDI ni bima. Karibu kila mshahara unaolipwa Marekani hukatwa asilimia 6.2 kwa ajili ya Hifadhi ya Jamii, idara ya serikali inayoendesha mafao haya, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Ili ulipwe ukiugua, kwa kawaida unahitaji alama 40 za kazi, 20 kati yake ziwe za miaka 10 ya karibuni, ingawa vijana huhitaji chache zaidi. Jirani yangu alikunja mashuka katika dobi la hoteli kwa miaka 12 kabla mikono haijamkataa. Alikuwa akilipia bima hiyo kila wiki bila kujua kwamba ataihitaji. Mtu aliyekatia gari lake bima na kulipwa baada ya ajali hatumwiti mla bure.

Mpango huu ulizaliwa mwaka 1956, Rais Dwight Eisenhower alipotia saini sheria yake, na mwanzoni ulikuwa wa watu wa miaka 50 kwenda juu. Sharti hilo la umri liliondolewa mwaka 1960, lakini picha iliyokuwa vichwani mwa watunga sheria haikuondoka: mfanyakazi wa makamo ambaye mwili wake umefika mwisho na hatarudi tena. Mpaka leo sheria inamtaka mwombaji awe hawezi kufanya kazi ya kipato cha maana kwa sababu ya maradhi yatakayodumu angalau miezi 12 au yatakayomuua. Ni swali la ndiyo au hapana. Kalenda ya jirani yangu haina ndiyo wala hapana; ina 11, 6, 4, 9. Hivyo ndivyo yalivyo maradhi mengi ya zama hizi, ya viungo, ya neva, ya akili. Yanakuja na kuondoka, na mwenye nayo hawezi kukuahidi Alhamisi ijayo.

Kuna jambo hapa ambalo halionekani katika jedwali lolote. Ili apate mafao, jirani yangu alikataliwa mara ya kwanza, akakata rufaa, akasubiri, akasimama mbele ya jaji. Ilichukua karibu miaka miwili. Miaka miwili ya kukusanya ushahidi kwamba hawezi: hawezi kusimama zaidi ya dakika 15, hawezi kubeba kilo 5, hawezi kushika kalamu asubuhi. Kila daktari aliyemwona alimwandikia yale asiyoyaweza. Mwanadamu hasemi maneno hayo miaka miwili mfululizo yakabaki kwenye karatasi tu. Yanaingia. Sasa mtu huyohuyo anaambiwa ajaze fomu ya kazi na aeleze yale anayoyaweza. Anasita, na sisi tulio nje tunakuita kusita kwake uvivu. Mimi nilimwona akishika ile barua ya kliniki kwa mikono miwili. Uvivu hauna sura ile.

Sasa hesabu, maana bila hesabu tutazunguka. Natumia viwango vya mwaka 2025. Sheria inampa mpokeaji wa SSDI miezi 9 ya majaribio. Mwezi wowote anaopata zaidi ya dola 1,160 kabla ya makato unahesabiwa kuwa mwezi mmoja wa majaribio, na miezi hiyo si lazima ifuatane. Inahesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60. Katika miezi hiyo analipwa mafao yake yote, hata akipata mshahara mkubwa kiasi gani, mradi aripoti kazi na ugonjwa wake uwepo bado. Saa 20 kwa wiki kwa dola 18 ni takriban dola 1,560 kwa mwezi. Ukijumlisha na 1,310 zake, ni 2,870. Nilipomwonyesha jumla ile kwenye kikokotoo cha simu, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama nimekosea.

Sikuwa nimekosea. Miezi 9 ikiisha huanza miezi 36 ya kinga. Katika kipindi hiki kuna kikomo: dola 1,620 kwa mwezi kwa wengi, dola 2,700 kwa wasioona. Ukibaki chini ya kikomo, hundi inakuja. Ukivuka, unalipwa mwezi ule wa kwanza na miwili inayofuata, kisha hundi inasimama. Mwezi utakaoshuka tena chini ya kikomo ndani ya miezi hiyo 36, inarudi bila ombi jipya. Kwa saa 20, jirani yangu yuko kwenye 1,560. Amesalimika.

Ila tuseme kliniki imempenda, na mkuu wake anamwomba aongeze saa moja tu kwa wiki. Saa 21 kwa dola 18 ni takriban 1,638 kwa mwezi. Amevuka kikomo kwa dola 18. Mafao ya SSDI hayapungui kidogokidogo; yanakatika yote. Kutoka 2,870 anashuka hadi 1,638. Saa moja ya ziada kwa wiki imemwondolea dola 1,232 kwa mwezi. Na kama mtoto wake angekuwa akilipwa kupitia rekodi yake, hundi ya mtoto ingesimama pia.

Nikaendelea kupiga hesabu, kwa sababu nilitaka kujua ni lini atarudi alipokuwa. Kufikia 2,870 kwa mshahara peke yake anahitaji karibu saa 37 kwa wiki. Maana yake, kuanzia saa ya 21 hadi ya 36 anafanya kazi zaidi na kubaki na pungufu. Kwa mtu wa miduara minne kwa mwezi saa 37 zinawezekana. Kwa mtu wa miduara 11 haziwezekani. Na yeye ni wote wawili, kutegemea mwezi. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwekewa hesabu hii mezani, angeikataa saa ya 21. Halafu watu wanashangaa mpokeaji anayefanya kazi akibaki chini kidogo ya kikomo, kana kwamba hilo linahitaji maelezo.

Wanauchumi waliliona hili kitambo. Kuanzia mwaka 2011 Hifadhi ya Jamii ilifanya jaribio kubwa lililoitwa BOND, ambapo katika maeneo kadhaa badala ya kukata hundi yote ilikata dola 1 kwa kila dola 2 zilizozidi kikomo. Ilitarajiwa watu wangeongeza kazi. Matokeo yalisikitisha: wastani wa mapato ya kazi haukupanda kwa kiasi cha kuonekana. Wapo waliotumia matokeo hayo kusema kwamba basi watu hawa hawataki kazi, au hawaiwezi kabisa. Wengi kweli hawaiwezi, na hilo lazima likubaliwe wazi. Mafao haya hupewa wagonjwa sana. Ila mimi nasoma humo kitu cha pili. Ukimwekea ngazi mtu aliyewahi kuangushwa, hatapanda siku hiyohiyo. Atakuuliza kwanza nani ameishika.

Na watu wameangushwa kweli. Baada ya sheria ya mwaka 1980 kuagiza mapitio ya mara kwa mara ya afya za wapokeaji, kuanzia 1981 serikali ya Rais Ronald Reagan iliyaharakisha, na mamia ya maelfu ya watu wakakatiwa mafao katika miaka michache, wengi wao wakiwa wagonjwa vilevile kama walivyokuwa siku walipokubaliwa. Mahakama zilipinga, majimbo kadhaa yakagoma kutekeleza, na mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria inayosema kwamba huwezi kumwondoa mtu bila kwanza kuonyesha kuwa afya yake imepata nafuu inayomwezesha kufanya kazi. Imepita miaka 40. Hofu haikupita. Inarithishwa kwenye vyumba vya kungojea madaktari: usiwaonyeshe kwamba unaweza chochote, watakukata.

Jirani yangu aliisikia hivyohivyo. Ndiyo maana nilimsomea taratibu kanuni moja ambayo ningependa kila mpokeaji wa SSDI aijue: ukiwa umeshalipwa kwa angalau miezi 24, kazi yako peke yake haiwezi kuwa sababu ya kuitishiwa mapitio ya kiafya. Mapitio ya kawaida ya ratiba yanaendelea, lakini hayo yangekuja hata ungekaa nyumbani. Na ukijiunga na mpango wa Ticket to Work, wa kuwasaidia wapokeaji kurudi kazini, ulioanzishwa na sheria aliyotia saini Rais Bill Clinton mwezi Desemba 1999, ukaitumia tiketi yako na kuonyesha maendeleo kwa wakati, hata hayo ya ratiba yanasitishwa kwa muda huo. Aliniomba nirudie mara tatu. Mara ya tatu aliandika kwenye kalenda, pembeni ya Mei.

Bima ya afya ndiyo hofu nyingine, na kwa mwenye lupasi pengine inazidi ya hundi. Dawa zake bila bima zingemaliza mshahara mzima wa kliniki kabla hajalipa kodi ya nyumba. Hapa sheria ni ya ukarimu, na sielewi kwa nini haitangazwi: anayeendelea kuwa na ulemavu hubaki na Medicare, bima ya afya ya serikali, kwa angalau miezi 93 baada ya miezi ya majaribio kwisha, hata kama hundi imesimama kwa sababu ya kazi. Ni zaidi ya miaka 7 na nusu. Na mafao yakishakatwa kabisa kwa sababu ya mshahara, ana miaka 5 ya kuomba yarejeshwe kwa haraka endapo ugonjwa uleule au unaohusiana nao utamzidi, bila kuanza ombi upya. Anaweza kulipwa kwa muda hadi miezi 6 wakati uamuzi ukisubiriwa. Hiyo ndiyo mikono ya kudaka. Ipo, imeandikwa.

Kwa walio kwenye SSI, ule mpango wa wenye kipato na mali kidogo, hali ni tofauti, na watu wengi huchanganya hizi mbili kwa sababu majina yanafanana na ofisi ni ileile. SSI hupungua polepole. Dola 20 za kwanza na 65 zinazofuata hazihesabiwi, halafu kila dola 2 za mshahara hupunguza dola 1. Mwaka 2025 malipo kamili ya mtu mmoja yalikuwa dola 967. Akipata mshahara wa 885, SSI inashuka hadi 567 na jumla yake inakuwa 1,452. Hakuna saa ya 21 hapo. Kuna ukatili wa namna nyingine: mali yake isizidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1989, na zile dola 20 na 65 ni zilezile zilizoandikwa mwaka 1972. Anaruhusiwa kufanya kazi, haruhusiwi kuweka akiba ya kutengeneza gari la kumpeleka kazini, isipokuwa afungue akaunti maalumu ya ABLE, iliyoruhusiwa kwa sheria ya 2014, na wengi hawajawahi kuisikia.

Narudi kwenye SSDI, kwa sababu kuna jambo moja ambalo kwangu linabomoa imani kuliko mengine yote. Ni deni la malipo ya ziada.

Linatokea hivi. Mtu anaanza kazi, anaripoti kama alivyoagizwa. Miezi ya majaribio inaisha. Anavuka kikomo. Taarifa yake inakaa mahali fulani kwenye foleni, na hundi inaendelea kuingia benki. Anadhani, na nani asingedhani, kwamba serikali ikimlipa baada ya yeye kuripoti basi anastahili. Tuseme inapita miezi 14 hivyo. Kisha inakuja barua: unadaiwa dola 18,340. Kwa jirani yangu, hiyo ni miezi 14 mara 1,310. Fedha zenyewe zilishaenda kwenye kodi, umeme na dawa.

Zamani kawaida ilikuwa kuchukua hundi nzima hadi deni liishe. Machi 2024 kamishna wa wakati huo, Martin O'Malley, alitangaza kwamba makato ya kawaida yatashuka hadi asilimia 10. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: ilitangazwa kurudi kwenye asilimia 100, kisha kwa SSDI ikawekwa 50. Kwa hundi ya 1,310, tofauti ya makato ya 10 na ya 50 ni kati ya kupoteza dola 131 na kupoteza 655 kila mwezi. Mtu anaweza kukata rufaa, anaweza kuomba asamehewe kwa kuwa kosa si lake na hana uwezo wa kulipa, anaweza kuomba kiwango cha makato kishushwe. Lakini fikiria ujumbe unaobaki mtaani. Fulani alijaribu kazi, sasa anadaiwa dola elfu 18. Hadithi moja ya namna hiyo hufuta vipeperushi elfu vya kuhimiza watu warudi kazini, na sitamlaumu yeyote anayeiamini hadithi kuliko kipeperushi, kwa sababu hadithi ni kweli.

Serikali inayotaka watu wenye ulemavu warudi kazini ianzie hapo kabla ya kampeni yoyote. Ijibu ripoti ya kazi kwa haraka kama inavyodai deni. Isimdai mtu fedha zilizotoka baada ya yeye kutoa taarifa sahihi na ofisi kuchelewa. Na iondoe lile korongo la saa ya 21, hata kama jaribio la 2011 halikuleta miujiza, kwa sababu ni vibaya kumwadhibu mtu kwa kufanya kazi zaidi, na ubaya huo hauhitaji wastani wa takwimu kuuthibitisha.

Uingereza inatoa funzo moja la kuangalia, ingawa nayo ina manung'uniko yake mengi kuhusu upimaji. Malipo yao yaitwayo PIP, yaliyoanza mwaka 2013, hutolewa kwa sababu ulemavu wenyewe una gharama, na mtu hulipwa awe ameajiriwa au hajaajiriwa. Mantiki yake ni rahisi: mguu bandia, teksi, msaidizi wa kukuvalisha, havipungui bei siku unapopata kazi. Mara nyingi vinaongezeka. Marekani imefunga vitu viwili kwenye hundi moja, fidia ya mshahara uliopotea na gharama ya kuishi na ugonjwa, na mshahara ukirudi vyote viwili vinaondoka pamoja.

Kuna mlango mdogo wa kupunguza ubaya huo, na ndio uliotusaidia siku ile. Gharama ambazo mtu analipa mfukoni mwake kwa sababu ya ulemavu, na anazihitaji ili afanye kazi, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kuupima na kikomo. Jirani yangu hulipia dawa mbili, kila moja dola 45 kwa mwezi. Ni 90. Toa 90 kwenye 1,638 za saa 21, unabaki na 1,548. Yuko chini ya kikomo. Saa ya 21 imeokolewa na risiti mbili za duka la dawa, zile karatasi nyembamba ambazo kwa miaka yote amekuwa akizikunja na kuzitupa.

Je, arudi kazini? Nilimwambia ndiyo, nami nawajibika kwa neno hilo. Lakini simwambii kila mtu hivyo. Nina rafiki ambaye matibabu yake ya akili yamebadilishwa mara tatu mwaka huu, na nilimsihi asubiri, kwa sababu kazi inayovunjika vibaya huacha jeraha juu ya ugonjwa. Wapo pia watakaosoma haya wakijua kabisa kwamba siku ya kazi kwao haipo na haitakuwepo, na hawadaiwi maelezo na mtu. Sheria yenyewe inakubali kwamba kujaribu kunaweza kushindikana: kazi iliyodumu miezi 6 au pungufu ikakatika kwa sababu ya ulemavu inaweza kuhesabiwa kuwa jaribio lililoshindwa, isitumike kama ushahidi kwamba unaweza. Kwa jirani yangu, kilichonishawishi ni jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote. Alisema anakumbuka sauti yake ilivyokuwa pale watu walipokuwa wakimwuliza kitu naye akakijua.

Kabla ya kusaini, tulifanya mambo ya karatasi. Tulimpigia mshauri wa mafao, kwa maana ile sheria ya 1999 iliweka pia utaratibu wa washauri wanaolipwa na serikali kupitia mpango wa WIPA, bure kwa mpokeaji. Mshauri alitaka kujua kuhusu kodi ya nyumba pia, kwa sababu anayeishi kwenye nyumba ya ruzuku kwa kawaida hulipa asilimia 30 ya kipato chake kilichorekebishwa, na mshahara ukipanda kodi nayo inapanda. Jambo hilo mimi sikuwa nimelikumbuka. Ofisi ya Hifadhi ya Jamii hutoa mkalimani bure, wa Kiswahili pia, kwa hiyo nilimwambia asimtume tena binti yake wa miaka 13 kuzungumza na ofisa kwa simu. Mtoto asibebeshwe habari za hundi ya mama yake. Na tangu sheria ya mwaka 2004, anayeripoti kazi ana haki ya kupewa stakabadhi ya ripoti yake. Stakabadhi hiyo ndiyo kinga yake barua ya deni ikija. Asiondoke dirishani bila hiyo.

Alikuwa na ombi moja kwa kliniki, zamu yake ianze saa saba mchana, kwa sababu vidole vyake hulegea baada ya saa nne asubuhi. Aliogopa kuliandika. Tuliliandika pamoja, mistari minne, bila kuomba radhi. Walikubali siku ya pili.

Jumatatu anaanza. Amenunua faili la plastiki la rangi ya buluu lenye mifuko 12, mfuko mmoja kwa kila mwezi. Kwenye mfuko wa Juni kuna nakala ya mkataba, stakabadhi ya ripoti ya kazi yenye muhuri, na risiti mbili za dola 45 alizozinyoosha kwa kiganja. Kalenda bado iko jikoni. Tangu mwezi uanze ina miduara miwili.